Simba Baada ya Saa za Kazi

Kila mtu ninayemjua Nairobi yuko kwenye kundi moja la WhatsApp lililokufa. Huwa linaitwa "Twende Tsavo" ama "Kasigau Disemba". Lilianzishwa Jumapili usiku na mtu aliyeona picha za mtu mwingine akiwa mlimani. Siku ya kwanza wanaingia watu kumi na wawili, wote wakipiga kelele. Siku ya pili mmoja anauliza ni pesa ngapi. Siku ya tatu mwingine anasema wikendi hiyo ako na kazi, si tusukume mbele kidogo. Baada ya hapo, kimya. Hakuna anayeondoka kwenye kundi, maana kuondoka ni kukiri kwamba hatuendi.

Mimi ni mzaliwa wa Voi, kwa hivyo kwenye makundi kama hayo mimi ndiye huulizwa njia. Naulizwa pa kulala, gari gani inafika, kama simba wanaonekana kweli. Najibu kama mwenyeji. Nilichokuwa siwaambii ni kwamba mlima wa Sagalla, ambao niliuona kila asubuhi nikienda shule, nilikuja kuupanda mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na sita. Miaka hiyo yote jibu langu lilikuwa lile lile la kila mtu: muda sina.

Ni jibu la kweli. Ukitoka kazini jioni, ukakaa kwenye msongamano wa magari hadi giza liingie, ukafika nyumba upike, ufue, ujibu ujumbe wa bosi, hutafikiria mlima. Lakini nimekuja kushuku kwamba kuna kitu kingine pia, na kitu hicho kimetoka kwenye hadithi. Tumefundishwa na vitabu na filamu kwamba matukio ya porini ni ya mtu asiye na kazi. Anayeingia porini ameacha kila kitu: ana bunduki, ana ndege, ana miezi sita. Sisi tuna Jumamosi moja na nusu ya mshahara. Basi tunaona haitoshi, tunakaa.

Hadithi hizo nyingi zimetokea kwetu. Sijui kama kuna kaunti nyingine Kenya ambayo imesimuliwa sana na watu waliokuwa wanapita tu. Nimezisoma tena mwaka huu, moja baada ya nyingine, nikitafuta jambo moja: katika hadithi hizi, nani alikuwa kazini, na nani alikuwa na jioni yake mwenyewe? Majibu hayakuwa yale niliyotarajia.

*

Tuanze na baba yao. John Henry Patterson alifika Mombasa Machi 1898, akatumwa Tsavo kujenga daraja la reli. Mwaka 1907 akachapisha kitabu, *The Man-Eaters of Tsavo*, kuhusu simba wawili wasio na manyoya ya shingo waliokuwa wakiwatoa vibarua kwenye mahema usiku na kuwala. Hadithi yenyewe unaijua hata kama hujasoma. Aliyekulia Voi anaisikia kabla ya kujua kusoma.

Kile ambacho sikuwa nimekiona ni kwamba Patterson ana kazi. Hakuja kuwinda. Ni mhandisi mwenye daraja la kumaliza, na mto, na mawe ya kuchonga, na wakubwa wanaosubiri reli ifike Ziwa Victoria. Mchana anasimamia ujenzi. Jua likizama anachagua mti, anapanda na bunduki, anakaa macho hadi alfajiri. Asubuhi anarudi kazini. Simba wakimkwepa upande huu wakala mtu kambi ya pili, kesho anahamia upande ule. Hivyo kwa miezi. Kuna kurasa ambapo unahisi usingizi wake kuliko woga wake, na hizo ndizo kurasa bora za kitabu. Kwa maana fulani ni kitabu kuhusu kubanana na muda: mtu mwenye ajira ya kutwa anatafuta nafasi ya jambo kubwa kati ya saa kumi na mbili za jioni na saa kumi na mbili za asubuhi.

Kama hadithi ingekomea hapo, ningeituma kwenye lile kundi la WhatsApp niseme, oneni, inawezekana. Lakini kambini kulikuwa na maelfu ya watu wengine, na hao nao walikuwa na usiku.

Patterson mwenyewe anatupa habari zao, bila kukusudia sana. Anaeleza kwamba kibarua wa kawaida alilipwa rupia 12 kwa mwezi, na mwashi 45, na kwamba akagundua wengi waliojiandikisha kama waashi hawakuwa waashi kamwe. (Kijana yeyote aliyewahi kuandika "nina uzoefu wa miaka mitatu" kwenye barua ya kuomba kazi atawaelewa.) Alipoanza kuwalipa kwa kipimo cha kazi, baadhi yao wakapanga kumuua. Anasimulia kisa hicho kama ushahidi wa ujasiri wake. Mimi nilikisoma kama habari ya watu waliotoka Punjab wakavuka bahari kwa ajili ya rupia, halafu wakaambiwa walale kwenye hema la turubai mahali ambapo simba anaingia.

Kuna kisa cha mtego. Patterson alitengeneza mtego wa vyuma vya reli na mbao za kulalia reli, wenye vyumba viwili: simba aingie kimoja, na nyuma ya vyuma, chumba cha pili, wakae watu kama chambo. Tumpe haki yake: usiku wa kwanza kwanza alilala humo yeye mwenyewe, akaumwa na mbu tu. Baadaye akawaweka askari. Simba akaingia kweli, mlango ukafunga, na askari wakashikwa na hofu wakafyatua risasi ovyo hadi chuma kikavunjika, simba akatoka. Patterson amewakasirikia sana. Sentensi zake zinakuwa fupi na chungu. Hajiulizi hata mara moja tofauti kati ya mtu aliyechagua kulala mtegoni na mtu aliyeamriwa.

Na kuna Mahina, mbeba bunduki. Simba wa pili anawajia mbio, Patterson ananyoosha mkono nyuma apokee bunduki ya pili, mkono unashika hewa. Mahina yuko juu ya mti tayari, na bunduki yake. Kitabu kinataka tucheke kidogo. Sisi kwetu tulipokuwa tukisimuliana kisa hiki tulicheka pia, lakini tulikuwa upande wa Mahina. Mtu wa Tsavo anajua mti ni wa nini.

Jambo lililonishika zaidi, hata hivyo, ni siku ile ya Desemba 1898 vibarua waliposema basi. Walimwendea Patterson wakamwambia walitoka kwao kuja kufanyia serikali kazi, hawakuja kuwa chakula cha simba. Kisha wakalala juu ya reli, gari la moshi likasimama, wakapanda wakaondoka kwa mamia. Kazi ya daraja ikasimama kwa majuma matatu hivi. Ukisoma kwa haraka utaona ni sura ya woga. Ukisoma polepole utaona kwamba katika kitabu kizima hawa ndio watu pekee waliojitengea muda. Hakuna aliyewapa likizo. Waliichukua.

Mwishoni wanarudi, simba wamekufa, na wanampa Patterson bakuli la fedha kumshukuru. Mmoja wao, fundi kwa jina Roshan, kutoka wilaya ya Jhelum, alitunga shairi refu la Kihindustani, la Januari 1899, linalosimulia mkasa wote na kumsifu bwana. Patterson ameweka tafsiri yake mwisho wa kitabu, kama kiambatisho. Yaani ndani ya kitabu hiki mashuhuri kuna kazi nyingine ya fasihi, ya mtu aliyekuwa ndani ya hema wala si juu ya mti, na imewekwa mahali ambapo wasomaji wengi huwa wameshafunga kitabu. Ningekuwa mhariri ningeanza nayo.

Tatizo kubwa la kitabu ni hesabu. Patterson anataja Wahindi 28 waliouawa; kuhusu Waafrika anasema tu kwamba walikuwa wengi na hakuna rekodi iliyowekwa. Miaka ya baadaye aliandika kwamba jumla ilikuwa 135. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliopima manyoya na mifupa ya simba hao walioko katika Makumbusho ya Field, Chicago, ulikadiria watu 35 hivi. Wasomi wamebishana kuhusu idadi ya tumbo la simba kwa miaka zaidi ya mia. Nani alikuwa na daftari pale Tsavo, na kwa nini daftari lile lilikuwa na safu ya watu wa aina moja, hilo halijabishaniwa hivyo.

Na baada ya simba wa pili kufa, kitabu bado kina zaidi ya nusu yake. Anawinda huyu, anawinda yule, anapima pembe. Hapo kinachosha kabisa. Nadhani ni kwa sababu daraja limetoka kwenye hadithi. Mtu anayewinda bila kitu kingine cha kufanya hana hadithi, ana orodha.

*

Hollywood ilifika mwaka 1996 na *The Ghost and the Darkness*, iliyoongozwa na Stephen Hopkins na kuandikwa na William Goldman. Niliiona nikiwa mdogo kwenye ukumbi wa video pale mjini, tumebanana kwenye mabenchi, DJ akitafsiri juu ya sauti za wazungu. Neno "Tsavo" lilipotajwa ukumbi mzima ulipiga makofi. Kisha mzee mmoja nyuma akasema, "Lakini hii si Tsavo. Udongo wetu uko wapi?" Alikuwa sawa. Filamu ilipigwa Afrika Kusini. Kwetu udongo ni mwekundu hadi tembo ni wekundu, na hata simba wa filamu wamevalishwa utukufu wa manyoya ya shingo ambao wa kweli hawakuwa nao.

Hayo ni makosa madogo. La maana ni kwamba Goldman hakuamini kwamba mhandisi angeweza kufanya hivyo baada ya kazi. Akabuni mtu mwingine, Remington, mwindaji wa kulipwa anayezurura dunia bila ofisi wala familia, akachezwa na Michael Douglas. Patterson wa kitabu alijifunza usiku kwa usiku, kwa makosa mengi. Patterson wa filamu anahitaji mtaalamu aje kumwonyesha. Hapo ndipo jambo la porini lilipoondolewa mikononi mwa mtu mwenye ajira likapewa mtu asiye na saa. Filamu ilishinda Oscar ya uhariri wa sauti, na ni haki yake, ile ngurumo gizani bado inanisimamisha nywele. Lakini somo lake kwa mtoto wa Voi lilikuwa hili: subiri atakuja mtu.

Yuko pia Samuel, Mwafrika, aliyechezwa na John Kani, ambaye ndiye msimulizi. Sauti ni yake kuanzia mwanzo. Hadithi si yake hata kidogo. Hatujui akitoka kazini anaenda wapi.

Wa tatu alikufa kwetu. Denys Finch Hatton, yule wa *Out of Africa*, alianguka na ndege yake ndogo mara tu baada ya kupaa kutoka Voi, tarehe 14 Mei 1931. Filamu ya 1985, ya Sydney Pollack, iliyochukua Oscar saba, inamwonyesha kama upepo: Robert Redford anakuja, anasoma mashairi, anaenda, hafungwi na mtu. Vijana wengi wa mjini ambao hawajui jina lake wanaishi na picha yake kichwani. Kila tangazo la hema jeupe, taa ya mafuta na gramafoni nyikani ni mtoto wake.

Sasa uliza: alikuwa anafanya nini Voi? Alikuwa kazini. Finch Hatton aliongoza misafara ya uwindaji kwa malipo. Mwaka 1928 alimtembeza mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza. Voi alienda kuangalia kama tembo wanaweza kutafutwa kutoka angani, ili wateja wapate windo haraka. Ilikuwa, kwa lugha ya leo, ziara ya kukagua soko. Beryl Markham, aliyealikwa kwenda naye siku ile na hakwenda, baadaye aliifanya kazi hiyo hiyo ya kutafuta tembo kwa ndege, na ameieleza katika kitabu chake cha 1942. Lakini kazi haiuzi hema. Kwa hivyo kazi ilifutwa, upepo ukabaki.

Na ndani ya ndege ile alikuwemo mtumishi wake, Kamau. Finch Hatton ana kaburi maarufu kwenye vilima vya Ngong, watu hupanda kuliona wikendi. Kamau alikufa dakika ile ile, akiwa kazini vile vile. Yeye hakupata Redford.

*

Nilipofika hapa nilitaka kusoma hadithi ya Kamau, yaani ya mtu aliyepelekwa na kazi mahali pa ajabu halafu akapata nafasi ya kusema. Haipo ya Voi. Iliyo karibu nayo iko kwa Kiswahili, na wengi wetu hatukuiona shuleni.

Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha kule Göttingen mkusanyo unaoitwa *Safari za Wasuaheli*. Ndani yake yumo Salim bin Abakari, aliyesafiri na mwajiri wake Mjerumani mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia. Ndiyo, Siberia. Ni mtumishi wa safari ya mtu mwingine. Hakuchagua njia, hakulipa nauli. Lakini kalamu anayo yeye. Anaandika baridi, mito, vyakula, namna watu wanavyofanya farasi na mahema yao. Watu wanamtazama, naye anawatazama vile vile, kwa udadisi ule ule, bila kuomba radhi. Bwana wake yupo pembeni mwa kurasa, kama Mahina alivyo pembeni mwa kurasa za Patterson.

Nampenda Salim kwa sababu hangoji awe huru ndipo aone dunia. Yuko kazini, macho yake hayako kazini. Sisemi kwamba utumishi ni mzuri. Nasema kwamba yeye alipata ndani ya siku isiyo yake sehemu ambayo ni yake, akaiandika. Na neno alilotumia ni lile letu la kawaida, safari. Kwa Kiingereza neno hilo limegeuka kuwa gari la kijani na miwani ya jua. Kwetu safari ni kwenda kumzika shangazi Taveta. Safari ni basi la usiku. Kiswahili hakikuwahi kutenganisha kwenda kwa kazi na kwenda kwa kuona. Ukirudi unaulizwa tu, habari za safari? Unatakiwa uwe na habari.

*

Nisije nikafanya kosa la makala yale ya "jitengee muda" yanayosambaa mtandaoni, yanayosema ukiamka saa kumi alfajiri utapata nafasi ya kila kitu. Muda haugawanywi sawa. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi wa Kenya angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na angalau siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kwa mwaka. Uliza mlinzi wa jengo lako anayeingia jioni na kutoka asubuhi. Uliza dada wa dukani. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya kazi mahali ambapo kuomba likizo kulionekana kama tusi. Wale waliolala kwenye reli mwaka 1898 walijua jambo ambalo makala hayo hayalijui: mara nyingine muda haupatikani kwa kupanga ratiba, unapatikana kwa kukataa pamoja.

Kuna jambo la pili, na hili nilifundishwa na mjomba wangu.

Mjomba analima chini ya mlima wa Sagalla, mahindi na pojo. Kaunti yetu, takribani asilimia 62 ya ardhi yake ni mbuga ya Tsavo. Huko huingii kwa miguu. Unahitaji gari na tikiti ya geti. Wanyama, wao hawana tikiti. Mahindi yakianza kukomaa tembo wanavuka usiku. Baadhi ya majirani zake wamewekewa uzio wa mizinga ya nyuki, kamba imefungwa mzinga hadi mzinga, tembo akigusa nyuki wanatoka, naye tembo nyuki hawataki kabisa. Mradi huo wa Save the Elephants umejulikana dunia nzima. Shamba la mjomba halina uzio bado. Yeye ana tochi na debe.

Nilikuwa nimetoka kusoma Patterson, kichwa kimejaa, nikamwambia, "Mjomba, unajua watu Nairobi wanalipa pesa nyingi kukaa nje usiku wakingoja tembo?"

Akaniangalia. "Waambie waje. Debe nitawapa bure. Wapige mpaka asubuhi, mimi nikalale."

Nilicheka, yeye hakucheka. Nikaelewa kitu ambacho vitabu vyote vitatu vimekizunguka. Usiku wa Patterson juu ya mti na usiku wa mjomba shambani vinafanana kwa kila kitu: giza, mnyama mkubwa, macho mekundu asubuhi. Mmoja umekuwa kitabu ambacho bado kinasomwa baada ya zaidi ya miaka mia. Mwingine ni Jumanne. Tofauti ni kwamba Patterson angeweza kushuka mtini akaenda kulala, daraja lingebaki. Mjomba akilala, mahindi hayapo.

Watu wa Kasigau wanaijua tofauti hiyo kwa njia nyingine. Mwaka 1915, katika vita vya Waingereza na Wajerumani mpakani kwetu, serikali iliwashuku kwamba waliwasaidia Wajerumani, ikawahamisha jamii nzima kutoka mlimani kwao hadi Malindi. Waliobaki hai walirudi baada ya miaka mingi. Walitembea mbali, waliona bahari, waliona mengi. Hakuna anayeita hiyo matembezi. Leo mlima ule wa mita 1,641 ndio tunaoupangia safari kwenye WhatsApp, na anayekupeleka juu kutoka Rukanga au Bungule anaweza kuwa mjukuu wao. Ukipanda, muulize habari.

Kwa hivyo kipimo changu cha hadithi ya porini, ya kitabu au ya simu yako, kimekuwa rahisi. Nani alichagua kuwa pale, nani hakuchagua, na je, msimulizi anajua? Patterson hajui, ila ni mwaminifu kiasi cha kutuachia ushahidi. Filamu ya 1996 haijui na haijali. Filamu ya 1985 ni nzuri sana kwa macho, na ndiyo inayodanganya zaidi, kwa kuwa imeficha hata kazi ya mtu wake mwenyewe. Salim anajua, kwa sababu hakuwa na namna ya kutojua.

*

Januari nilienda nyumbani wikendi mbili. Sikuomba likizo. Ijumaa jioni nikapanda basi, Jumapili usiku nikarudi, Jumatatu nikawa kwenye meza yangu nikiwa na macho ya Patterson.

Wikendi ya kwanza nilimwambia mjomba alale, mimi nitashika debe. Alibisha kidogo kwa heshima, kisha akalala kabla sijamaliza chai. Tembo hawakuja. Saa nane usiku kulikuwa na mbwa, popo, na gari la moshi la mizigo likipita mbali, na baridi ambayo sikujua Voi inayo. Niliogopa karibu muda wote. Asubuhi mjomba alitoka nje, akajinyoosha, akasema hajalala namna hiyo tangu Novemba. Hiyo ndiyo picha ambayo sikupiga.

Wikendi ya pili nilikuta mahindi yamevunwa. Usiku ulikuwa wake tena. Jumamosi alfajiri akaniuliza kama bado nautaka ule mlima. Nilidhani ananituma peke yangu, kumbe alikuwa ameshavaa viatu. Amezaliwa chini ya Sagalla, na akaniambia tukiwa njiani kwamba mara ya mwisho alifika juu akiwa kijana, akitafuta mbuzi. Tulipanda polepole. Juu kuna upepo, na unaona mji wote wa Voi, reli ya zamani na ile mpya, na upande wa pili Tsavo nyekundu hadi macho yanapokoma. Alinionyesha shamba lake. Lilikuwa dogo kuliko nilivyofikiria. Akalitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe tembo wanatoka kule," akionyesha korongo ambalo kutoka chini halionekani.

Jumapili usiku, kwenye basi, nilifungua lile kundi lililokufa. Nikaandika tarehe moja, mlima mmoja, nauli ya kwenda na kurudi, na kwamba tutalala kwa mjomba wangu na kila mtu alete tochi, kwa sababu pojo bado ziko shambani. Kati ya watu kumi na wawili, wamejibu watatu. Tunaenda na hao watatu.